Kupunguza Petroli ya Kwenda Kazini: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari Dogo Dar es Salaam

Wenye magari wengi wa Dar es Salaam hununua petroli kwa fedha wala si kwa lita. Mtu huingia sheli, hushusha kioo, husema "weka ya elfu ishirini" na kuondoka, na taa ya mafuta ikiwaka tena keshokutwa hulalamika kwamba bei imepanda. Huenda imepanda kweli. Lakini bei ni upande mmoja tu wa gharama, na ndio upande ambao dereva hana mamlaka nao. Upande wa pili ni idadi ya lita anazochoma kufika kazini na kurudi, na huo umo mikononi mwake, au tuseme kwa usahihi zaidi, umo katika mguu wake wa kulia, katika gereji anayoiamini na katika saa anayotoka nyumbani. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio nilioutumia kwa gari langu la Kijapani lenye injini ya sisi (cc) 1,500, aina iliyojaa katika barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Nimeanza na mambo yasiyodai fedha yoyote, kisha nikafuatisha yanayodai.

Hatua ya kwanza: jua gari lako linakula kiasi gani

Usianze kurekebisha kitu chochote kabla ya kupima, kwa sababu hutajua kilichosaidia na kilichokupotezea fedha. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, usiongeze hata tone baada ya hapo, kisha rudisha kihesabio cha safari kwenye dashibodi kiwe sifuri. Endesha kama ilivyo desturi yako mpaka mshale ushuke karibu na robo. Rudi kwenye kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena mpaka bomba lijikate. Lita zilizoandikwa kwenye risiti ya kielektroniki ndizo ulizochoma. Chukua kilomita za kihesabio uzigawanye kwa lita hizo. Kilomita 286 kwa lita 27.5, kwa mfano, ni kilomita 10.4 kwa lita.

Rudia zoezi hilo mara tatu kabla ya kuamini jibu, kwa kuwa wiki yenye mvua na foleni ya kupindukia hupotosha hesabu. Mshale wa mafuta usiutumie kupimia, kwani katika magari mengi nusu ya juu ya tangi huonekana kwenda polepole na nusu ya chini huporomoka. Kadhalika usijilinganishe na namba za matangazo ya Kijapani: namba hizo hupatikana katika vipimo vya maabara, na maabara haina makutano ambako trafiki husimamisha upande mmoja kwa dakika saba.

Sasa igeuze namba hiyo kuwa fedha. Tuseme nyumbani ni kilomita 25 kutoka kazini, kama ilivyo kwa watu wengi wa Tegeta na Bunju wanaofanya kazi katikati ya jiji. Kwenda na kurudi ni kilomita 50, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,100 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litachoma lita 110; likifikishwa kilomita 12.5 kwa lita litachoma lita 88. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo naitumia hapa kwa wepesi wa hesabu tu, tofauti ni shilingi 66,000 kwa mwezi, yaani shilingi 792,000 kwa mwaka, bila kubadilisha gari wala kuhama nyumba.

Lipo jambo katika hesabu hii linalowakwepa hata watu makini. Kutoka kilomita 8 kwa lita hadi 10 huokoa lita 27.5 katika kilomita zile 1,100, ilhali kutoka 14 hadi 16 huokoa lita zisizofika 10. Kwa hiyo mwenye gari linalokula sana ndiye mwenye mengi ya kuokoa, na mwenye gari ambalo tayari linanusa tu mafuta asijitaabishe kutafuta muujiza.

Hatua ya pili: hamisha saa ya kutoka

Naiweka hatua hii mbele kwa makusudi, kwa sababu injini inayounguruma huku gari limesimama inakwenda kilomita sifuri kwa lita. Injini ya sisi 1,500 ikiwa imesimama na kiyoyozi kinafanya kazi huchoma takriban lita moja kwa saa, ikipungua au kuzidi kidogo kulingana na joto na hali ya gari. Mtu anayesimama kwenye foleni jumla ya saa moja kwa siku, asubuhi na jioni, anachoma lita 22 kwa mwezi akiwa hajasogea. Ni kiasi kilekile tulichokiona katika mfano wa juu.

Kwa wiki mbili andika saa uliyotoka, saa uliyofika, na makadirio ya dakika ulizosimama. Jaribu kutoka dakika 20 mapema kwa siku tatu, kisha dakika 40 kwa siku nyingine tatu. Mara nyingi utagundua kwamba foleni ina ukingo mkali: anayepita Mwenge kabla ya ukingo huo anapita, na anayechelewa robo saa anakaa. Jioni ni vigumu zaidi, maana kila mtu anatoka kwa wakati mmoja. Baadhi ya watu huamua kumalizia kazi zao ofisini au kufanya mazoezi karibu na kazini mpaka saa moja na nusu usiku, wakafika nyumbani karibu sawa na wenzao waliotoka saa kumi na moja. Mwenye watoto wa kupeleka shule hana uhuru huo, nami simwambii ajitese.

Kuhusu kuzima injini ukiwa umesimama, hesabu za kitaalamu husema kwamba kuwasha upya hutumia mafuta ya sekunde kumi hivi tu za kuunguruma. Hata hivyo kwa magari yetu ya mtumba, yenye betri na stata zilizochoka, mimi huzima pale tu ninapoona wazi kwamba nitasubiri zaidi ya dakika moja: kwenye reli gari moshi likipita, kwenye foleni ya kivuko Kigamboni, au trafiki anapokuwa amegeuza mgongo upande wetu. Gari likiwa linatembea usilizime kamwe, kwa sababu msaada wa breki na usukani hupotea.

Hatua ya tatu: rekebisha mguu

Idara ya Nishati ya Marekani imekadiria kwamba uendeshaji wa pupa, wa kukanyaga kwa nguvu na kufunga breki ghafla, hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 katika barabara za kusimama na kuondoka. Hakuna kipuri cha kununua kinachofikia kiasi hicho. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: kila unapofunga breki unageuza kuwa joto mwendo ambao uliununua kwa petroli sekunde chache zilizopita.

Kwa hiyo lengo la dereva liwe kufunga breki kwa uchache. Tazama magari matatu au manne mbele yako badala ya taa za gari lililo puani, na ukiona mbele wanaanza kusimama ondoa mguu mapema ili gari lipungue lenyewe. Kabla ya tuta ondoa mguu mita nyingi nyuma, kisha ondoka taratibu baada ya kulivuka. Katika foleni inayosogea kwa vipande, acha nafasi na usogee polepole bila kusimama. Bila shaka bajaji itaingia katika nafasi hiyo, na bodaboda mbili zitaifuata. Waache waingie, hawakuchukulii zaidi ya sekunde tatu, ilhali kushindana nao kunakugharimu kila siku.

Wako madereva wanaoweka gari frii wakiteremka, wakidhani wanaokoa. Katika injini zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, ambazo ndizo karibu zote zilizoko barabarani sasa, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa mpaka mzunguko wa injini ukaribie ule wa kuunguruma. Ukiweka frii injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Unalipia mafuta na kupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na hilo la pili ni la hatari.

Kwa wanaotoka mbali zaidi, kama Kibaha au Bagamoyo, mwendo wenyewe una uzito. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 huongeza ukinzani huo kwa zaidi ya nusu. Keria ya juu ya gari isiyotumika iondolewe kwa sababu hiyohiyo.

Kiyoyozi ni suala la kiasi. Asubuhi na mapema, kwa mwendo mdogo, vioo vinatosha. Mchana wa Januari simlaumu mtu. Msaada mkubwa ni kutafuta kivuli cha mwarobaini kwa kuegesha, na kufungua milango kwa nusu dakika ili joto litoke kabla ya kuwasha kiyoyozi. Na gari lisipashwe moto kwa dakika kumi uani kila asubuhi. Katika joto la pwani nusu dakika inatosha, kisha uondoke kwa upole.

Hatua ya nne: upepo wa matairi na mizigo

Fungua mlango wa dereva uangalie karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Magari ya Kijapani huandika upepo kwa kilopaskali, na wengi huiacha karatasi hiyo kwa kuwa maelezo yake ni ya Kijapani. Namba hata hivyo zinasomeka. Ukiona 220 ujue ni sawa na paundi 32 za geji zetu, na 230 ni zaidi kidogo ya paundi 33. Mpe fundi pancha namba hiyo wala usimwachie akadirie kwa kupiga tairi teke. Pima mara mbili kwa mwezi, asubuhi kabla tairi halijapata joto.

Ni vizuri kuwa mkweli kuhusu faida yake. Kila paundi moja inayopungua katika matairi yote manne hupunguza ufanisi kwa asilimia 0.2 hivi, kwa hiyo matairi yaliyopungukiwa paundi 8 hukupotezea chini ya lita mbili kwa mwezi katika mfano wetu. Faida kubwa iko kwenye matairi yenyewe, ambayo hayataliwa pembeni upesi. Mizigo ya kwenye buti nayo ni hivyohivyo: kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji, hugharimu takriban asilimia moja. Toa vyuma na madumu usiyoyahitaji, lakini spea tairi, jeki na pembetatu viache mahali pake.

Hatua ya tano: gereji, na yale ambayo gereji huharibu

Hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita gari langu lilianza kula mafuta, nami nikabadilisha plagi, ea klina na hata pampu ya mafuta bila nafuu yoyote. Mwishowe fundi mwingine aliuliza swali moja tu: thamostati iko wapi? Haikuwapo. Gereji iliyotangulia ilikuwa imeitoa, kwa maelezo yaleyale tunayoyasikia kila mahali, kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Thamostati ni vali inayozuia maji kuzunguka kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ikiondolewa injini hukaa baridi kwa muda mrefu, hasa katika safari fupi, na kompyuta ikiona baridi humwaga petroli zaidi kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Kwa hiyo kama mshale wa joto kwenye gari lako huchelewa sana kupanda, au hupanda kwenye foleni na kushuka ukikimbia, uliza swali lile. Irudishwe, na ndani ya rejeta uwekwe mchanganyiko wa kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba.

Baada ya hapo pima gari kwa kompyuta ikiwa taa ya injini inawaka. Usikubali taa ifutwe tu; omba usomewe kosa. Sensa ya oksijeni iliyokufa hulifanya gari lile mafuta, na katika hali mbaya inaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 40. Ukiambiwa yatolewe masega ya ekzosi, yaani kifaa kinachosafisha moshi, ili gari liwe jepesi, kataa, kwani sensa iliyo nyuma yake itaanza kutoa taarifa za makosa na utarudi palepale.

Oili ni jambo la tatu. Injini nyingi ndogo za Kijapani zilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, lakini gereji nyingi humimina 20W-50 kwa hoja ileile ya joto. Oili nzito kuliko iliyopangwa huifanya injini ijisukume yenyewe, na hasara yake ni asilimia moja au mbili. Gari lililochoka na linalokula oili ni suala tofauti, na hapo fundi anaweza kuwa na haki.

Breki zinazong'ang'ania hutambulika kwa urahisi: baada ya safari isiyo na breki nyingi sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa, na ile inayotoa joto kuliko wenzake ipelekwe ikafunguliwe. Usukani ukivuta upande mmoja fanya alaimenti. Kuhusu ea klina niseme kinyume cha wengi: katika magari ya sasa ikichafuka hupunguza nguvu za gari kuliko inavyoongeza ulaji, kwa hiyo ibadilishe kwa wakati wake, lakini usitegemee miujiza.

Hatua ya sita: nunua kwa akili

Nchini Tanzania EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na nchini Kenya mwenzake EPRA hutangaza tarehe 14 bei zinazoanza kutumika siku inayofuata. Bei kikomo ni dari. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, na baadhi hufanya hivyo. Soma mabango yaliyo kwenye njia yako ya kawaida, lakini usiende kilomita sita kando kutafuta punguzo la shilingi 20, kwa kuwa katika lita 30 utaokoa shilingi 600 tu baada ya kuchoma nyingi kuliko hizo. Kukisia mwelekeo wa mwezi ujao si vigumu sana kwa anayefuatilia bei ya soko la dunia na thamani ya shilingi. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine, waliofuatilia waliijua Jumatano yao kabla haijafika, na hata Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni.

Nunua kwa lita au jaza kabisa, hakikisha pampu inaanza kwenye sifuri na ina stika ya Wakala wa Vipimo, na chukua risiti. Usiendeshe siku zote taa ikiwa inawaka: pampu ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe, hivyo anayeishi kwa "ya elfu kumi" hatimaye hununua pampu. Kujaza alfajiri kwa imani kwamba mafuta huwa mazito hakusaidii kitu cha maana, maana matangi ya vituo yamefukiwa ardhini ambako joto halibadiliki sana. Vidonge vya kutia kwenye tangi na sumaku za kufunga kwenye mrija wa mafuta viache dukani. Shirika la Mazingira la Marekani limepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo na kukuta vichache mno vyenye faida yoyote, tena ndogo.

Hatua ya saba: punguza kilomita zenyewe

Majirani watatu wanaofanya kazi eneo moja wakipokezana magari, kila mmoja hulipia theluthi ya petroli. Makubaliano yaandikwe kabla ya kuanza: saa ya kuondoka, dakika za kumsubiri aliyechelewa (tano zinatosha), na njia ya kugawana gharama. Kupokezana magari ni bora kuliko kukusanya nauli, kwa sababu anayelipisha watu bila leseni ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, anaendesha teksi bubu, na bima yake inaweza kumkana siku ya ajali.

Kwa wa Barabara ya Morogoro ipo njia ya kuegesha gari Kimara na kumalizia safari kwa mwendokasi, ambayo ilianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Saa za asubuhi mabasi hujaa, kwa hiyo jaribu kwa siku mbili katika wiki. Siku mbili kati ya tano zikiachwa nusu ya njia, umeokoa sehemu ya tano ya kilomita zako zote.

Hatua ya mwisho: gesi, baada ya hesabu

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa linadai mtaji. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati sawa na lita moja na nusu hivi ya petroli. Gari letu la mfano, likiwa limeshuka hadi lita 88 kwa mwezi, litahitaji kilo 59 hivi. Gesi ikiuzwa shilingi 1,500 kwa kilo, hiyo ni shilingi 88,500 badala ya 264,000, na ufungaji uliogharimu shilingi milioni mbili utajilipa katika miezi 12 hivi. Anayetembea nusu ya kilomita hizo atangoja miaka miwili. Weka bei za siku yako katika hesabu hiyo, na uongeze muda wa kukaa kwenye foleni ya kituo cha gesi, ambao kwa mtu wa kazi za ofisini huweza kuwa saa nzima mara mbili kwa wiki.

Kabla ya kulipa, fanya hatua ya tano kwanza, kwani injini yenye plagi mbovu itasumbua zaidi kwenye gesi kuliko kwenye petroli. Kagua tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi iliyopigwa kwenye mtungi, na uondoke na vyeti vyake. Mtungi utachukua sehemu kubwa ya buti na kuongeza uzito nyuma, kwa hiyo angalia springi. Gari litaendelea kuwaka kwa petroli kila asubuhi kabla ya kuhamia gesi, nawe weka angalau robo tangi wakati wote, ili pampu iliyo ndani isizunguke kwenye tangi kavu.